Mnara wa Kengele, Makasha ya Mvinyo na Ufunguo wa Pikapu ya Mtakatifu Roko

CHAMA CHA MTAKATIFU ROKO CHA WATU WA PIETRAGRIGIA, UTICA, NEW YORK

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA SIKUKUU KILICHOFANYIKA ALHAMISI, TAREHE 8 AGOSTI 2024, KATIKA UKUMBI WA CHAMA, MTAA WA BLEECKER, KUANZIA SAA 12:40 JIONI (mwaliko ulisema saa 12:00)

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Dominic Scalzo – Mwenyekiti
2. Bi. Loretta Fusco – Mhazini
3. Mzee Nunzio Iacovelli – Mtunza ukumbi na dereva wa Mtakatifu
4. Bw. Kyle Lindqvist – Mjumbe mwalikwa (mkwe wa Mwenyekiti, mwaliko ni wa Mwenyekiti)
5. Bw. Vito Tartaglia – Katibu

ALIYETOA UDHURU
Padre Okwuosa (alikuwa na mazishi)

ASIYETOA UDHURU
Bw. Sal Mancuso, mpiga tuba wa bendi

KUMB. NA. 1/8/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, ambayo ilikuwa fupi, na kwa maelezo kuhusu msongamano wa magari uliomchelewesha, ambayo hayakuwa mafupi. Bi. Loretta aliomba kwamba safari hii Katibu aandike maneno ya watu kama yalivyotoka, kwa sababu kumbukumbu za kikao kilichopita zilimfanya kila mtu aonekane mpole na yeye hakumbuki kuwa mpole. Ombi lilikubaliwa. Katibu ametekeleza.

KUMB. NA. 2/8/2024: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA JULAI

Kumbukumbu za Julai zilisomwa na kuthibitishwa. Kwa faida ya wasiokuwepo, inakumbushwa kwamba Julai kamati iliarifiwa kuwa naibu meya wa Pietragrigia, kijiji chetu cha asili huko Italia, na mkewe watavuka bahari kuja kwenye chakula cha jioni cha sikukuu. Mwenyekiti alieleza kwamba haiwezekani watu waliotoka kijijini kwetu wapewe mvinyo wa dukani, na kwamba mtandaoni mtu ananunua kwa mkulima mwenyewe. Alisoma kwenye simu sifa za mvinyo aliouchagua: “harufu ya tandiko la farasi, cheri zilizoiva, na ukimya wa mlima.” Bi. Loretta aliuliza ukimya una harufu gani. Swali hilo halikujibiwa Julai, na halijajibiwa hadi leo.

Kilichomaliza ubishi ni picha. Tovuti ilionyesha kilima na mnara wa kengele. Mwenyekiti alisema ule ni mnara wa Pietragrigia. Katibu alisema Italia ina minara mingi. Ndipo simu ikapelekwa kwa Mzee Nunzio, mjumbe pekee aliyezaliwa kijijini, aliyeondoka akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Mzee Nunzio aliishika simu kwa muda, akaisogeza, akairudisha, akasema: “Ndio wenyewe. Nilibatizwa pale chini.” Mwenyekiti alifuta machozi. Makasha sita yaliagizwa papo hapo.

KUMB. NA. 3/8/2024: DEREVA WA MTAKATIFU

Mwenyekiti alipendekeza kwamba, ili kuwapa nafasi vijana, pikapu inayobeba sanamu ya Mtakatifu Roko na mbwa wake iendeshwe mwaka huu na Bw. Kyle. Alipoulizwa, Bw. Kyle alisema: “Mimi sikuomba, lakini kama mnataka, sawa.” Mwenyekiti alimwomba asijishushe.

Mzee Nunzio alisema ameendesha Mtakatifu miaka thelathini na moja, hajamkwaruza hata mbwa. Aliuliza Bw. Kyle alihama Minnesota lini. Bi. Loretta, ambaye ni mdogo wa marehemu mke wa Mzee Nunzio, alisema: “Shemeji yangu akishuka kwenye ile pikapu atakaa nyumbani kutazama ukuta. Mnajua hivyo, na mnajua ukuta ule ulivyo.” Alikumbusha pia kwamba mwaka jana njia mpya ya maandamano, iliyopita kwenye duka la donati, ilisifiwa na kila mtu. Mwenyekiti alisema anashukuru kwa sifa hizo, kwani njia ile ilikuwa ubunifu wake.

Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba Mzee Nunzio aendeshe. Mwenyekiti aliiunga mkono kauli hiyo akitazama dirishani.

KUMB. NA. 4/8/2024: MVINYO

4.1 Mwenyekiti alitaka kujua kwa nini mvinyo haujapokelewa. Mlango wa ukumbi umebandikwa karatasi mbili za kampuni ya usafirishaji, ya Jumanne na ya Jumatano, zote zikisema mleta mizigo alifika na mzigo haukutolewa. Jaribio la tatu ndilo la mwisho, baada yake mzigo unarudi ulikotoka. Mwenyekiti alisema ukumbi una mtu tangu asubuhi hadi jioni, na mtu huyo yuko hapa mezani.

4.2 Mzee Nunzio alieleza kwamba Jumanne kengele ya mlango haikulia. Katibu alitoka nje akaibonyeza. Ililia. Mzee Nunzio alieleza kwamba, sasa akikumbuka vizuri, Jumanne alikuwa msalani, na Jumatano pia.

Mwenyekiti: “Siku mbili mfululizo, Mzee?”

Mzee Nunzio: “Ukifika umri wangu uje tuongee habari za choo.”

Bi. Loretta alimtaka Mwenyekiti amheshimu mzee. Mwenyekiti alisema anamheshimu sana, ila chupa sabini na mbili zinazunguka mjini ndani ya lori lisilo na kiyoyozi, katika wiki ambayo lami ya Mtaa wa Bleecker inanata kwenye viatu.

4.3 Kengele ililia tena. Safari hii Katibu alikuwa ameketi.

4.4 Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, mleta mizigo, akisukuma makasha kwenye kitoroli. Alieleza kwamba kwa kuwa mzigo huo ni kileo, sheria inataka mtu aliyetimiza miaka ishirini na moja atie saini na aonyeshe kitambulisho kinachofaa. Mwenyekiti alisimama na kuingiza mkono mfukoni. Kabla hajautoa, mama huyo alimwona Mzee Nunzio, akafurahi, akasema:

“Mzee wangu! Leo umeleta isiyo na tundu?”

Mzee Nunzio aligeuka kukagua mashine ya kahawa. Mama huyo, akidhani hakusikika, aliendelea: “Maana ile ya juzi na jana, mzee, siwezi kuipokea. Najua kabisa umeshapita ishirini na moja, Mungu akuzidishie. Lakini leseni wakishaitoboa ndio imekufa. Nikiipiga picha mashine inakataa.”

4.5 Mwenyekiti alionyesha leseni yake, akatia saini. Mama alimtakia kila mtu sikukuu njema, akaondoka bila kujua alichokifanya. Katibu anaandika hili ili asije akalaumiwa.

4.6 Bi. Loretta aliuliza: “Shemeji. Nani ameitoboa leseni yako?”

Mzee Nunzio alijibu kwamba ni ofisi ya leseni, baada ya kipimo cha macho.

Bi. Loretta: “Lini?”

Mzee Nunzio: “Kabla ya Pasaka.”

Bi. Loretta: “Jumapili iliyopita umenipeleka kanisani kwa gari!”

Mzee Nunzio: “Si ulifika?”

4.7 Mwenyekiti alitaka KUMB. NA. 3 ifunguliwe upya mara moja. Bi. Loretta alisema mvinyo kwanza, kwa sababu wageni hawaji kunywa leseni. Ilikubaliwa.

4.8 Kasha la kwanza lilifunguliwa. Ilionekana kwamba, kwa joto la lori, vizibo vimepanda juu kwa upana wa kidole na kwamba mvinyo umetambaa kwenye shingo za chupa. Mwenyekiti alisema hiyo ni dalili ya mvinyo ulio hai. Chupa moja ilifunguliwa kwa ukaguzi. Mwenyekiti alionja, akafumba macho, akasema anasikia tandiko la farasi. Bi. Loretta alisema yeye anasikia farasi mwenyewe. Bw. Kyle alisema unafanana na sosi ambayo mama yake humimina juu ya nyama ya mawindo, na kwamba hiyo ni sifa. Katibu alionja na kuomba maji.

4.9 Bi. Loretta alivaa miwani na kusoma lebo. Mvinyo umetengenezwa kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Austria, mahali ambapo mtu wa Pietragrigia hawezi kufika bila kubadilisha treni, na lugha. Mnara uliochorwa una kichwa cha mviringo kama kitunguu. Wajumbe walitazama picha ya zamani ya kijiji iliyoning'inizwa juu ya mashine ya kahawa. Mnara wa Pietragrigia ni wa mraba na hauna paa tangu tetemeko.

4.10 Mwenyekiti: “Mzee Nunzio, ulisema ulibatizwa pale chini!”

Mzee Nunzio: “Wewe ulisema ndio wenyewe. Mimi niliona kitu kirefu.”

4.11 Ilijadiliwa kama mzigo urudishwe. Bw. Kyle alisoma masharti ya tovuti: mvinyo uliochelewa kupokelewa kwa sababu ya mpokeaji haurudishwi. Bi. Loretta alisema watu wetu wamekuwa wakikata matunda ya pichi na kuyatumbukiza kwenye mvinyo kila kiangazi tangu kabla ya umeme, na kwamba mila hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya mvinyo mzuri.

Iliamuliwa:
(a) Lebo zote zilowekwe na kubanduliwa kabla naibu meya hajatua.
(b) Mvinyo umiminwe kwenye majagi, pamoja na barafu na pichi.
(c) Atakayeulizwa aseme ni mila. Mwenyekiti aliomba ajibu yeye, naye aliruhusiwa kusema “ni mila” na asiongeze neno.

KUMB. NA. 5/8/2024: KUFUNGULIWA UPYA KWA KUMB. NA. 3

5.1 Mwenyekiti alisema inamuuma kusema atakayosema. Sura yake haikuonyesha maumivu. Alisema Mtakatifu hawezi kuendeshwa na mtu asiyetofautisha mnara wa mraba na kitunguu, na alimwomba Mzee Nunzio aweke ufunguo wa pikapu mezani.

5.2 Mzee Nunzio aliuliza kama mwaka jana aliendesha vizuri.

Mwenyekiti: “Mwaka jana ulikuwa unaona.”

Mzee Nunzio: “Nani kakwambia?”

5.3 Mzee Nunzio alieleza kwamba mwaka jana jua lilikuwa usoni na macho yalikwisha kuingia ukungu. Alichokuwa anakiona mbele yake ni kitu kimoja tu, tuba ya Sal Mancuso, tarumbeta kubwa la shaba, kwa kuwa inang'aa. Akawa anaifuata. Ilipokata kushoto, na yeye akakata kushoto. “Mimi nilijua lile ni duka la donati? Nimesikia harufu ya sukari nikadhani tumefika kwenye meza ya keki za masista.”

Inakumbushwa kwamba Bw. Sal alikuwa anatafuta choo. Mtakatifu Roko alimfuata hadi uwanja wa magari, waumini wakamfuata Mtakatifu, na maandamano yote yakazunguka jengo na kupita kwenye dirisha la kuuzia watu walio garini. Msichana aliyekuwa dirishani alimuuliza Mtakatifu anataka kahawa ya aina gani. Padre Okwuosa aliwabariki wote.

5.4 Bi. Loretta aliomba isomwe kumbukumbu ya Septemba mwaka jana. Katibu alikuwa nayo karibu, kwa bahati. Ilisomwa: “Mwenyekiti alieleza kwamba njia mpya ilikuwa ubunifu wake, ya kuwafikia watu pale walipo, na kwamba alimnong'oneza dereva wakati wa kukata kona. Alipongezwa kwa makofi.”

5.5 Mzee Nunzio alisema: “Basi chagua, Dominic. Kama ulininong'oneza, mimi dereva mzuri na ufunguo unabaki mfukoni. Kama hukuninong'oneza, kumbukumbu isahihishwe, iandikwe kwamba njia ilibuniwa na kibofu cha Sal, na mimi ufunguo nautoa sasa hivi.”

5.6 Mwenyekiti alirudi kutazama dirishani. Katibu hakuandika chochote katika muda huo, lakini aliondoa kifuniko cha kalamu.

5.7 Mwenyekiti alisema kwamba, akilitafakari jambo hili kwa mapana yake, anaona haraka haina maana. Kwamba mwendo wa Mtakatifu ni wa miguu. Kwamba ofisi za leseni zina ukali kupita kiasi. Kwamba alimnong'oneza, na analikumbuka vizuri. Aliondoa hoja yake na kupendekeza Mzee Nunzio athibitishwe tena.

5.8 Bw. Kyle alisema: “Baba, mbele ya pikapu huwa wanatembea watoto wa Komunyo ya kwanza.”

Mwenyekiti alimkumbusha Bw. Kyle kwamba yeye ni mwalikwa na hana kura.

5.9 Bi. Loretta alisema hatapiga kura ya kumwondoa shemeji yake, wala hatapiga ya kumweka. Alitumia kitambaa chake, akasema ni vumbi la makasha.

5.10 Kura haikupigwa. Mzee Nunzio aliutoa ufunguo wa pikapu mfukoni, akasema: “Loretta, chukua,” akausukuma juu ya meza.

Ufunguo ulikwenda ukasimama mbele ya Bw. Kyle.

Bi. Loretta, aliyekuwa upande wa pili wa meza, alisema taratibu: “Niko huku, shemeji.”

Mzee Nunzio alisema: “Basi mmeona wenyewe.”

Katibu hawezi kuthibitisha kama Mzee alikosea au alilenga. Aliulizwa na Bi. Loretta baadaye, akajibu kwamba yeye haoni.

5.11 Bw. Kyle hakuugusa ufunguo. Alisema hajui kona za mtaa wala mahali pa kupunguza mwendo ili bibi wa nyumba ya kijani abandike noti yake ya sadaka kwenye joho la Mtakatifu, na aliuliza kama Mzee Nunzio anaweza kukaa naye mbele.

Mzee Nunzio alifikiri. Alisema anaweza, kwa masharti: kioo cha upande wake kiwe wazi, mkono wake uwe nje watu wauone, gia iwe ya kwanza tu, “na usimfuate Sal.”

5.12 Iliamuliwa hivyo. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba hilo ndilo alilopendekeza tangu KUMB. NA. 3. Imeandikwa kwamba alitaka.

KUMB. NA. 6/8/2024: KUFUNGA KIKAO

Hapakuwa na mengineyo, au yalikuwepo na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuyasema. Sala ya kufunga iliongozwa na Bi. Loretta, akiwa ameshika kwa mkono mmoja rozari na kwa mkono mwingine ufunguo wa gari la Mzee Nunzio, ambao aliuchukua bila kuomba na hakuurudisha. Wajumbe waliondoka saa 2:25 usiku. Mzee Nunzio alikaa kiti cha abiria, akateremsha kioo, akatoa mkono nje.

Bi. Loretta aliwasha gari. “Nani unampungia, shemeji, na mtaa hauna mtu?”

“Najizoesha,” alisema.

Imethibitishwa kuwa sahihi:

Mwenyekiti: ...................................... D. Scalzo (ameahidi kutia saini 5.4 ikifutwa)

Katibu: V. Tartaglia (ametia saini, 5.4 haijafutwa)