Sarafu Zilizosuguliwa kwa Majivu

Ijumaa, Agosti 1995, Mbotela

Yule mzee wa Eastleigh anayenunua sarafu hata hakuzitoa kwenye kisanduku. Aliinua kifuniko, akavaa miwani, akaniuliza, "Dada, nani amezisugua?"

Nilijua papo hapo. Mama mkwe amekuwa kwangu tangu Jumapili, na kila anachogusa lazima king'ae. Sufuria, vijiko, na sasa sarafu za fedha za marehemu mwanawe. Majivu na kitambaa.

Mume wangu, Baba Mwende, alizipigia foleni benki siku ile zilipotoka, sarafu za ukumbusho. "Hizi ni za kutazama, si za kushika," alikuwa akituambia.

Mzee alinionyesha mikwaruzo chini ya taa. Wakusanyaji wanataka uso kama kioo, akasema. "Peleka kwa sonara, aziyeyushe." Nikafunga kisanduku.

Kwa hivyo pesa ya kumlipa yaya wa Mwende haipo. Tulikuwa tumekubaliana na mama mkwe kwamba nikiikosa, Mwende aende naye Machakos, akakae kwake. Miaka mitatu tu, mtoto wangu, na bado hulala ameshika sikio langu.

Mama mkwe akanipokea mlangoni. "Zilimpendeza? Si nilizing'arisha!"

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Lakini yeye pia alizaa, na amezika.

"Zilimpendeza sana, Mama. Ni mimi nimekataa kuziuza."

Akanishika mikono yote miwili, akalia kwa furaha. Halafu tukakaa kitandani, yeye na mimi, tukaanza kukunja nguo za Mwende za kwenda nazo Machakos.