Aliyeitika Jina Langu

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Siku ya kumi na moja ya foleni. Nimefika saa kumi na mbili, baridi, vumbi bado limelala. Mbele yangu familia kumi na kitu. Saa moja askari katoka na daftari, kasoma majina ya wenye familia. Akisema Laurenti Barutwa, naitika mimi kwa niaba ya kaka. Nipo. Kaka yuko shimoni anapasua mbao, hawezi kuja kila mara. Asiyeitika anafutwa, anaanza mwisho upya. Ijumaa wamemfuta mzee mmoja, kumbe alikuwa chooni.

Dirisha linafunguliwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu. Leo wamehudumia familia tatu. Halafu karani kaenda kula, hakurudi.

Sisi tuliotoka Burundi zamani tunapewa kibali cha kukaa hapa mjini Mpanda. Waliokimbia mauaji ya mwaka juzi wanapelekwa makazi ya wakimbizi, huko msituni. Mimi na kaka tumeingia sitini na nne. Nilikuwa na miaka kama minane. Kaka alinivusha mto mgongoni. Kwa hiyo sisi hatuna wasiwasi.

Miguu inauma.

Jumatano, 7 Agosti

Nyuma yangu anasimama Mama Feza, Mkongo, anauza mandazi mtaa wa Makanyagio, jirani na kwetu. Anaongea mpaka foleni inasahau njaa. Leo kaniambia: "Weye mutoto unasimamaka kama nguzo ya stesheni. Siku utaoa, bibi atakutundikia nguo." Watu wamecheka. Mimi nimeangalia chini. Lakini nimefurahi.

Kaniuliza mbona kaka ni Barutwa na mimi Nyandwi, baba si mmoja? Nimemweleza kwa shida, maneno yananikwama mbele ya watu. Kwetu kila mtoto anapewa jina lake, hapewi la baba. Nyandwi ni jina la mtoto wa saba. Mimi wa saba. Kaka wa pili. Wengine wote wamekufa.

Makarani hili linawasumbua. Mtu mmoja leo karudishwa na mdogo wake kwa sababu majina hayafanani. Kaambiwa alete barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Sisi tunayo. Inasema Laurenti Barutwa, mkewe Adela, watoto wake wawili, na mdogo wake Severini Nyandwi, wote anawajua. Nimeisoma mara nyingi. Nimejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, na sijawahi kuona jina langu limeandikwa na mtu mwingine zaidi ya mwalimu.

Ijumaa, 9 Agosti

Familia nne. Tumesogea.

Askari katangaza. Mwisho wa mwezi lori linakuja. Asiye na kibali anapanda, anapelekwa makazi.

Nimerudi nyumbani nikasema hilo. Sikujua kama ni habari mbaya. Shemeji Adela kaacha mwiko ndani ya sufuria, katoka nje. Ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, ukaungua. Gaspari, kaka yake, kabaki anaangalia mlango. Yeye ndiye aliyekuja mwaka juzi. Kwao wameuawa wote, kabaki yeye na Adela, kwa sababu Adela alikuwa huku tayari kwa shangazi yake. Siku ninazokwenda foleni, Gaspari ndiye anashika msumeno chini na kaka yuko juu. Mtu mzuri. Anawatengenezea watoto magari ya mabua.

Hana karatasi yoyote.

Jumapili, 11 Agosti

Shemeji kafua shati langu jeupe. Kapiga pasi ya mkaa. Kasema nisilivae kwenye foleni, litachafuka. Siku ya dirisha ataniletea mwenyewe. Hajawahi kunifanyia hivyo. Nimeona haya.

Kaka hakula.

Jumatano, 14 Agosti

Sijui niandikeje leo.

Tulikuwa wa nne. Kaka kafika saa tatu na shemeji, watoto na Gaspari. Gaspari kavaa shati langu jeupe. Kaka kasema lake limechanika, kaazima. Halafu kanivuta pembeni. Kasema mjumbe kasahau jina la mtoto mdogo kwenye barua, nikimbie akaandike nyingine. Nikamwambia naikumbuka ile barua, imesema watoto wawili. Kasema karani anataka kila mtoto na jina lake. "Kimbia, mdogo wangu. Sisi tunakushikia nafasi."

Nimekimbia. Mjumbe hayupo. Mkewe kasema kaenda Kakese kuchukua mpunga wake. Nimekwenda Kakese kwa mguu, nusu kukimbia nusu kutembea. Nimemkuta anafunga magunia. Kaniangalia kama mgonjwa. Kasema ofisini hakuna anayedai barua nyingine, karani mwenyewe ndiye aliyemwambia namna ya kuandika. Lakini kaandika, kwa kunihurumia.

Nimerudi saa kumi. Dirisha limefungwa. Nimewakuta nyumbani. Kaka kasema wamepita bila shida, karani alikubali ile ya kwanza. Kasema pole, umeteseka bure.

Nikauliza, na dole gumba langu? Maana kila mtu mzima anaweka dole kwenye wino. Kasema wataniita peke yangu.

Gaspari alikuwa nyuma ya nyumba anasugua kidole gumba kwa mchanga. Aliponiona kaficha mkono.

Nimeona.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Kanisa limejaa. Gaspari kakaa karibu yangu. Kidole bado cha bluu. Misa nzima nimeangalia kidole.

Nimejiambia labda kashika wino kwa bahati mbaya. Labda wanaweka dole na mashahidi. Nimetafuta sababu kumi.

Jumatatu, 19 Agosti

Sina foleni tena. Niko shimoni, mimi chini, kaka juu. Unga wa mbao unaingia machoni. Siku zote kaka anaimba ili msumeno uende sawa, yeye anavuta, mimi navuta. Leo haimbi. Mstari umepinda, ubao umeharibika. Zamani angenitukana mpaka jioni. Leo kasema haidhuru.

Hapo ndipo nimeogopa kweli.

Ijumaa, 23 Agosti

Jana Mama Feza kaniambia vibali vinatolewa leo. Kaka hakuniambia. Asubuhi kasema nibaki shimoni nimalizie kuchonga gogo, yeye ana kazi mjini. Kaondoka. Nimehesabu mpaka mia mbili, nikamfuata.

Watu wengi. Nimesimama nyuma karibu na Mama Feza. Karani anaita, mtu anaitika, anapewa.

Laurenti Barutwa. Nipo. Kaka.

Adela. Nipo.

Severini Nyandwi.

Nimefungua mdomo. Sauti haijatoka bado, nikasikia nyingine mbele.

"Nipo."

Gaspari. Kanyoosha mkono, kapokea karatasi, kaikunja mara mbili.

Mama Feza kageuka. Kaniangalia, kaangalia dirishani. Kaniuliza polepole, "Nyandwi ni weye ao ni ule?" Kasema, "Basi sema. Ao nitasema miye."

Nimetikisa kichwa.

Nikisema, askari anamkamata kaka palepale. Mtoto mdogo kamshika suruali. Kaka kaniona. Hakuinua mkono, hakuja. Kaangalia chini kama mimi ninavyoangalia chini siku zote.

Mama Feza kaniwekea mkono mgongoni mpaka watu wametawanyika. Hakusema mzaha wowote.

Gaspari sasa anaitwa wa saba. Kwao yeye ni wa kwanza.

Jumamosi, 24 Agosti

Kaka kaja shimoni. Kakaa ukingoni, mimi niko chini. Kaongea muda mrefu. Shemeji alisema Gaspari akipandishwa lori na yeye anapanda, na watoto wote wawili. Alisema hawezi kuzika ndugu wa mwisho. Barua ina nafasi ya mdogo mmoja tu. Karani haangalii sura, anaangalia barua. Gaspari akiulizwa huko makazi alikotoka na alivyotoka, analia, haongei, hawezi kuishi peke yake. Kule wanatoa shamba na jembe. Mimi kijana, nina nguvu, sina mke.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia.

"Ungekubali," kasema. "Ndiyo maana nimeshindwa kukuambia."

Halafu kasema jambo lingine. "Wewe hujawahi kunisumbua, Severini."

Kwa hiyo kosa langu ni hilo. Ningekuwa mtu wa kelele ningekuwa na kibali.

Nimesimama foleni siku zote zile na baridi ile. Nimeitika jina lake asubuhi baada ya asubuhi. Nafasi aliyoingilia Gaspari nimeishika mimi kwa miguu yangu. Wamenituma Kakese kama mbwa anayerushiwa jiwe ili akimbie.

Kasema Jumatatu nikiandikishwa niseme mimi ni Gaspari. Jina langu likitokea mara mbili, sote tumekwisha.

Nimemchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nimemchukia na nimeogopa asikamatwe. Vyote kwa pamoja.

Jumapili, 25 Agosti

Sikwenda kanisani. Mtoto mkubwa kaniletea viazi, kasema vimetoka kwa mama yake. Nimempa ale yeye.

Jumatatu, 26 Agosti

Foleni nyingine, upande wa pili wa jengo. Ya watu wa lori. Hii inakwenda haraka.

Mwandikishaji kijana, kalamu nzuri, mpole. Jina. Nimesema Gaspari. Sauti ndogo, kaniambia nirudie. Nikarudia. Umeingia lini. Sabini na mbili. Una nani. Nimesema kwetu wameuawa. Kauliza ilikuwaje. Nimeeleza aliyoeleza Gaspari mara moja tu, pale jikoni usiku aliofika, nyumba, baba yake, wadogo zake kwenye migomba. Nilikuwa nayajua yote. Kaacha kuandika. Kasema pole sana, ndugu yangu.

Nimepokea pole isiyo yangu. Nimetaka kumwambia kwamba baba yangu mimi kafa kwa homa. Hakuna aliyeuliza habari za baba yangu mimi.

Nimeweka dole.

Ijumaa, 30 Agosti

Lori limekuja saa nne. Watu, kuku, masufuria. Mama Feza kaniletea mandazi kwenye gazeti. Kasema lori hili ni la Warundi, yeye bado anangoja kibali, labda atazeekea dirishani, wamchonge sanamu. Kajaribu kucheka. Kaniita baba.

Gaspari hakuja. Shemeji hakuja. Kaka kaja na blanketi lake, lile zito. Kalisukuma juu ya bodi ya lori. Nimelipokea kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Kashika bodi. Lori likaondoka naye kashika, katembea, kakimbia kidogo, kaachia.

Sikupunga mkono. Nilitaka. Mkono haukuinuka.

Jumatano, 4 Septemba

Makazi. Miti mirefu ya miombo, nyuki, mbung'o. Wamepima mashamba kwa kamba. Langu liko mwisho wa mstari, karibu na korongo. Jirani ni mzee na wajukuu wake, wamenipa moto.

Leo tumeitwa kwa bwana wa makazi kujaza kadi. Ana meza chini ya turubai. Hakuna foleni ndefu, watu kumi tu. Kaniuliza jina, nikasema. Kauliza kama nimewahi kulima. Nikasema nimepasua mbao. Kasema vizuri, watu wa mbao wanatakiwa, shule itajengwa. Kauliza msumeno wa watu wawili nitashika na nani. Nikasema yeyote.

Halafu kasema kuna ruhusa ya kwenda mjini mara moja kwa mwezi, ila kwa mwenye ndugu kule. Kauliza kama nina ndugu Mpanda, aandike.

Kalamu ikangoja.

Kwa karatasi, mimi Gaspari, nina dada Mpanda na shemeji na watoto wawili. Ningeweza kuwasema. Ningewaona kila mwezi. Watoto wangenikimbilia.

Nikasema sina.

Kaandika. Kanipa jembe, panga, debe la mbegu za mahindi. Nimerudi shambani. Nimefyeka mpaka jua limefika kwenye miti, halafu nimekaa, nimekula, nimenawa.

Kesho naanza upande wa korongo.