Udongo wa Zizini Juu ya Reli

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Alizeti tumeshapura. Mguu wa bibi yako umepona. Asubuhi hii amemfukuza jogoo hadi kwa jirani.

Wewe unayesomea ujenzi wa barabara umeniuliza kama tulifurahi reli ilipopita hapa Issuna. Nimefungua daftari langu la ujana. Niliandika hivi: "Leo siku ya tatu ng'ombe hawajanywa."

Bwawa lilikuwa ng'ambo ya tuta jipya. Ng'ombe walifika kwenye kokoto, wakanusa, wakarudi nyuma. Tuliwachapa, tukawavuta kwa kamba, wapi. Baba akasema, "Hawa watakufa huku wanayatazama maji."

Mama alikuwa akitutazama tu. "Fimbo zimeisha?" akauliza. Akaenda zizini, akajaza udongo na samadi kwenye kikapu, akaumwaga juu ya kokoto na kati ya vyuma, kikapu baada ya kikapu. Kesho yake ng'ombe wetu mzee akanusa, akaikuta harufu ya nyumbani, akavuka. Wengine wakamfuata mbio.

Msimamizi wa ujenzi alikuja akifoka. "Mama, mbona hamkusema mnataka kivuko?"

"Mwanangu, ulipokuja kupima, uliuliza ng'ombe wanakunywa wapi?"

Baadaye msimamizi akaleta mbao, akatutengenezea kivuko.

Kwa hiyo tulifurahi, Neema, ila ilikuwa siku ya nne. Ng'ombe sasa tumebaki nao wawili, lakini kijiji kizima bado kinavukia pale pale mama alipomwaga udongo.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea usome vizuri.