Kuruta wa Makofi

Jumatatu, 4 Agosti
Siku ya tatu ya filamu, uwanjani Msambweni. Ya kuchekesha: wanawake wanafunzwa upolisi, hata buti hawajui kufunga. Mimi ndiye kuruta anayezabwa makofi na sajini. Leo kumi na mawili, manane ya kweli. Mwongozaji, kijana wa Nairobi, alicheka hadi akakaa chini. "Mathe, kuanguka hivyo ulijifunza wapi? Uko noma!" Nilijifunza jikoni kwangu, Gazi. Miaka sita.

Jumatano, 6 Agosti
Nilichelewa kurudi. Salimu, mume wangu, alinisubiri. Ngumi mbili, teke la mbavu, sufuria ya wali chini. Kisha akalia, kama ada yake: "Hasira zikinipanda, mke wangu, sioni." Namchukia zaidi akilia.

Alhamisi, 7 Agosti
Msichana wa vipodozi alitakiwa kunichora jicho la kuvimba. Akalikuta tayari. Akaweka brashi chini.
Mchana zamu yangu kumpiga sajini, kwa rungu la sponji. Nikatumia ngumi. Damu ikamtoka puani. Watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Nilitaka kuendelea, na hilo limenitisha.

Jumamosi, 9 Agosti
Gari la mavazi liliondoka na nguo zangu. Nikarudi nyumbani na sare: buti, mkanda, kofia hadi kwenye nyusi. Wagema njiani walitupa madumu ya pombe ya mnazi wakatoka mbio. Nilicheka peke yangu.
Salimu alisikia hatua, akatoka mkono juu. Akaiona sare. Mkono ukashuka. "Karibu, afande," sauti laini kama ya bwana harusi.
Nikavua kofia. Akanitambua. Ngumi ya mdomo. Jino limetoka.

Jumatatu, 11 Agosti
Kikao kwa Ami Bakari, aliyeniozesha. Nilimwamkia, nikaketi. Salimu akaanza wimbo wake wa hasira. Ami akafungua kinywa. Najua neno lake, subira. Nikaliweka jino juu ya mkeka.
"Ami, huyu anaona. Alipodhani mimi askari aliushusha mkono. Alipoona ni mimi akaupandisha."
Salimu akatazama vidole vyake vya miguu. Ami aliliokota jino, akanirudishia. Kisha akaagiza karatasi. "Mwandikie talaka yake, Salimu. Hapa hapa."
Aliandika.

Jumatano, 13 Agosti
Kibuyuni, kwa mama. Tumefunga mwani kwenye kamba tangu asubuhi. Sare nimeirudisha, nimeipiga pasi. Pengo linauma, chai naipoza kwanza.
Mama ameuliza kama filamu inachekesha.
Nimemwambia kuna mahali inachekesha.