Kopo la Juu ya Friji

Jumatatu, 11 Machi

Nimepima tena makopo yote ya maharage. Joto lile lile, unyevu ule ule. Yote yameliwa na fukusi isipokuwa moja, lile la juu ya friji mbovu ya maabara, inayonguruma tu bila kugandisha. Maharage yake mazima kabisa. Kwa nini? Sijui. Wala sina hamu ya kujua.

Mkuu wa maabara kafurahia namba zangu. Eti tangu msiba wa mume wangu nimekomaa, nimeacha michezo. Ijumaa jopo linakaa. Nikikosa dhana mpya ya kujaribu, utafiti unafungwa, maharage jalalani. Sawa.

Michezo, maana yake ile yetu ya mezani. Mimi fukusi, mume wangu haragwe. Alikuwa karani wa posta, sayansi haijui, lakini kuuliza! Fukusi, unapitia wapi? Unaogopa nini? Dhana zangu zote zilizaliwa pale, sahani hazijaondolewa.

Jumanne, 12 Machi

Nimepima. Nimelala.

Jumatano, 13 Machi

Wifi yangu, dada wa marehemu, yuko hapa tangu mazishi. Hana haya huyu. Nachambua maharage ya kupika, yeye kajikunja kitini, katia sauti ya kaka yake: haya fukusi, nitoboe tuone. Nikamwambia aache. Akasema, "Wifi, kaka yangu ndiye aliyekufa. Haragwe halijafa."

Nilikasirika. Kidogo. Nilikuwa sijahisi hata hicho kidogo, basi nikamjibu.

Mimi mtoto wa fukusi, nimetoka yaini sasa hivi. Ganda gumu. Nasukuma kwa meno, narudi nyuma mwenyewe.

"Si uegemee kitu, mwanamke," wifi kwa sauti ile ile ya kaka yake.

Nikaegemeza mgongo kwenye haragwe la jirani. Meno yakashika. Shimo likaanza. Wifi, mchokozi, akauliza: na huyo jirani akisogea?

Friji ile inatetemeka kutwa kucha. Maharage ya juu yake hayatulii.

Akisogea, unaanza shimo jingine. Na jingine. Mpaka nguvu zinakwisha, unafia nje. Nilimweleza wifi, akasema maskini. Nikaenda kulala. Ganzi iko pale pale.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia Mkuu tutikise makopo mengine tuone. Kapenda. Ila kasema jopo wasisikie habari za kujifanya mdudu, watacheka mpaka jino la mwisho. Niseme nimeyaona hayo kwenye vipimo. Vipimo havikuonyesha kitu. Vipimo havina mgongo.

Ijumaa, 15 Machi

Benchi la korido. Wamenitoa nje washauriane.

Nilianza vizuri, namba tu. Kisha mama mmoja wa jopo akauliza nilifikaje kwenye mtikiso, mbona haumo kwenye vipimo. Mkuu akanikazia macho. Liwalo na liwe — nikasema nilijifanya mtoto wa fukusi. Hakucheka mtu. Yule mama akaniambia, hebu tuonyeshe.

Nikainama pale mbele ya watu wazima na suti zao. Nikasukuma kwa kichwa. Nikarudisha mgongo nyuma, nitafute pa kuegemea —

Hapakuwa na mtu.

Nikaomba maji. Wakaniambia nisubiri nje.

Mlango bado umefungwa, namsikia Mkuu akizungumza. Mimi nalia tangu nilipokaa hapa, kamasi mpaka kwenye daftari. Sikulia hivi hata tulipomzika. Mlinzi kanisogelea, taratibu. Pole mama, wamekukatalia?

Nimemwambia bado, hawajasema kitu.