Duara la Kiwanda cha Chupa

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, na kila lori likipunguza mwendo nje anageuza shingo. Wifi yangu amerudi kazini kwenye duka la dawa. Wanao walikuwa kwangu jana. Yule wa mwisho ameng'oka jino, naye amesisitiza shangazi akuandikie kwamba alilivuta mwenyewe bila kulia. Alilia, lakini mimi nimetumwa tu.

Nisikuzungushe. Rufaa imetupwa. Wakili amenieleza kwamba bila ushahidi mpya mlango umefungwa, na miaka minne itabaki miaka minne. Nilimuuliza mara tatu kwa maneno tofauti, jibu likawa lile lile.

Katika barua yako ya mwisho umeandika kwamba sasa huna hakika kama kweli ulikisikia kifaa cha kuelekeza njia ndani ya lori kikisema "mzunguko" tu, labda uliota. Neno hilo ndilo lililonikalisha mezani. Hukuniita Mwalimu bure, siwezi kueleza jambo bila kuanzia ubaoni; vumilia kidogo.

Ulizoea kunitania kwamba ofisi ya ramani inanilipa kutazama sahani kutoka juu. Ni kweli, makutano ya duara yote yanafanana na sahani. Kinachoyatenganisha ni nani anampisha nani. Ikiwa anayeingia husubiri na aliye ndani hupita, sisi tunaandika "mzunguko". Ikiwa aliye ndani ndiye anayesimama ili anayeingia apite, tunaandika "duara la kusimama". Kifaa cha dereva husoma tulichoandika. Cha kwanza kinasema tu, "Mzunguko mbele." Cha pili kinaongeza, "Jiandae kusimama." Kwa sababu picha ya angani haionyeshi sheria, kanuni yetu ni kwenda, kusimama pembeni, kuona mistari na vibao, ndipo ujaze fomu na kutia alama penye neno "nimefika". Vijana wote wa ofisini nimewafundisha mimi kwamba umbo si sheria. Wananiiga sauti nikiwapa kisogo.

Siku ya hukumu nilikaa benchi la pili. Ulieleza kwamba kifaa kilisema mzunguko, mstari barabarani ulikuwa umefutika, ndiyo maana hukusimama, na yule fundi cherehani, marehemu sasa, akaingia mbele ya lori lako na baiskeli yake akijua ana haki. Hakimu aliagiza ramani ifunguliwe. Ikasomeka "duara la kusimama". Akavua miwani, akakwambia, "Kifaa chako kinasema kweli. Wewe ndiye unayedanganya." Ulinitazama. Ulifikiri nalia kwa huruma.

Duara lile nililiandika mimi. Miaka miwili kabla ya ajali magoti yalikuwa yananisumbua, na kufika kwenye duara hilo, pale kiwanda cha chupa, ni kubadilisha mabasi mawili. Kwenye picha malori yaliyoegeshwa yalifunika mistari. Nikaona sahani, nikaandika "mzunguko", nikatia alama penye "nimefika". Sikufika.

Asubuhi baada ya ajali wifi alinipigia simu, nikaenda hadi kwenye duara na magoti yangu yale yale mabovu. Mstari ulikuwepo, hafifu, ndani ya duara. Kibao kilikuwa kimeinamia kichakani. Nilirudi ofisini nikasahihisha kabla ya saa sita. Nilijiambia namwokoa dereva atakayefuata. Hilo ni nusu ya ukweli. Siku ya tatu polisi walipokiwasha kifaa chako, kilivuta ramani mpya chenyewe. Ofisini maandishi ya zamani hutunzwa siku tisini, kisha hufutwa. Kesi yako ilisikilizwa siku ya mia na kumi na mbili. Nilizihesabu, mdogo wangu. Siku ya themanini na tisa nilikuwa kwenye kiti changu, ukurasa uko wazi mbele yangu, na sikuunakili.

Baada ya hukumu ndipo nilipokwenda kusema. Msimamizi wetu alitafuta mbele yangu, akakuta toleo la sasa peke yake. Wakili alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akafunga daftari. "Mama," akasema, "hakuna dada asiyesema hivyo." Ndugu wa fundi nao nilikwenda kwao. Walinikaribisha kiti, kisha wakanisindikiza hadi barabarani.

Wakili amenishauri nisikuandikie haya. Anasema mfungwa hupumzika akikubali kwamba alikosea, na nikikwambia ulikuwa sahihi nitakuongezea kifungo ndani ya kifungo. Huenda ana akili kuliko mimi. Najua pia barua hii itasomwa na wengine kabla yako, waisome. Lakini sitakuacha uanze kuyatilia shaka masikio yako mwenyewe. Hukuota. Kifaa kilisema "Mzunguko mbele," kikanyamaza. Ulisikia sawasawa, na anayeweza kulithibitisha ni mimi peke yangu, ambaye haaminiki.

Msamaha siuombi. Ukiona hutaki kunijibu, mwandikie Mama. Nitamsomea bila kukuuliza neno.

Wifi na watoto wanakusalimu, nami nakusalimu wa mwisho, nikiwa sina haki ya kuwatangulia.

Dada yako mkubwa,
Mwalimu