Kengele ya Rangi

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Kazi haijambo? Na hicho kifua kilichokuwa kinakubana, kimepoa? Mimi mzima, ila masikio ndiyo hayo, yamestaafu kabla yangu.

Nina kituko cha kukupa. Juzi baba yako alikuja kunitazama. Amebisha geti, ameita mpaka sauti ikamkauka. Mimi nimo ndani nashona gauni la bibi harusi, mgongo nimeupa mlango, naimba zangu. Mwisho akaruka geti, mtu mzima yule, na lile tumbo lake! Nikashtukia mwanamume kasimama kando ya cherehani, suruali imechanika kutoka mfukoni hadi gotini. Nilipiga yowe ambalo nadhani hata mimi nililisikia.

Nikampa khanga ajifunge, nikaanza kumshonea. Naye huku anafoka. Nilimtazama mdomo unavyokwenda, sipati hata neno, basi nikawa naitikia tu, "Ndiyo, ndiyo." Kumbe naitikia makubwa. Alipoona sielewi akachukua kipande cha karatasi ya kukatia vitambaa, akaandika: "Dada, huwezi kuishi peke yako. Mwisho wa Juni unahamia kwangu. Nyumba tutaipangisha."

Mwanangu, nyumba hii niliijenga kwa sindano. Kule kwake cherehani ikae wapi, juu ya kabati? Na wateja wangu? Zungumza na mdogo wangu huyo. Wewe anakusikiliza.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kifua kimetulia tangu niache kulala na feni usoni. Nilipofika pale pa suruali nilicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimepigwa shoti.

Baba nimempigia. Anasema, "Mtu anaweza kubisha pale kutwa nzima, yeye hana habari. Mlango haumwambii kitu." Nikamjibu, basi tutaufundisha kusema kwa njia nyingine.

Hapa hotelini ninafunga mikanda ya taa kwenye ukingo wa paa. Si zile za kubandika na kubandua, hizi ni za kudumu. Zinakaa ndani ya reli nyembamba ya alumini, mchana huzioni, na kila kitaa unaweza kukiamrisha peke yake: kiwake rangi gani, saa ngapi, kikimbie au kitulie. Nataka kukufungia wewe. Mkanda utazunguka paa, halafu ushuke hadi juu ya dirisha lako la kushonea, pale penye kivuli. Nitauunganisha na kengele nitakayokuwekea getini. Mtu akibonyeza, rangi ya bluu inaondoka getini mbio, inakuja kusimama mbele ya macho yako.

Nina likizo mwezi wa tano. Unasemaje?

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia kifua kimepona. Nami mzima.

Taa, hapana. Nyumba yangu si baa.

Nawe kwa kuwa ni wewe, nikwambie ukweli wote. Wateja hawajui. Najitahidi sana, mwanangu. Nawatazama midomo, naitikia kwa kichwa, wakicheka nacheka. Nimekosea kwa mmoja tu, alitaka mikono mirefu nikamkatia mifupi, nikamwambia ndio mtindo wa sasa. Ukiweka taa inayokimbia kila mtu akigusa kengele, mtaa utasema, alaa, kumbe mshonaji wetu ni kiziwi! Wataanza kunihurumia. Heri baba yako anihamishe kuliko kuhurumiwa. Niache na siri yangu.

Shangazi yako

27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Nimeizungusha barua yako mkononi siku nzima, nikitafuta namna ya kulisema hili taratibu. Sikuipata. Hiyo siri umemficha mtu mmoja tu, wewe mwenyewe. Mtaa mzima unajua. Kama huamini, muulize muuza duka.

Usinikasirikie.

Mwanao

18 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Sijapata jibu. Nilikuwa mkali? Baba anasema u mzima, lakini akija unamfungulia kisha unamgeuzia mgongo. Niandikie hata kama ni matusi, mradi nione mwandiko wako.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sasa sijambo. Nilikununia, tena si kununa kwa mzaha. Barua yako niliitia chini ya mto nikailalia kwa hasira.

Lakini uliniwashia udadisi, mshenzi wewe. Juzi nikaenda dukani nikamkabili muuza duka: "Hivi unajua kwamba sisikii?" Alicheka mpaka akashika kaunta. Akaniandikia kwenye mfuko wa sukari: "Mama, miaka miwili naongea nawe kwa vidole, ulidhani mimi ndiye bubu?"

Nikatoka hapo nikaenda kwa yule mwalimu jirani. Naye anajua! Ndiyo maana husimama mbele yangu, akafungua mdomo pole pole. Wote wanafanya hivyo. Na mimi siku zote nilidhani mtaa umepata adabu. Hata yule wa mikono mifupi alijua. Aliivaa nguo hivyo hivyo kwenye sherehe, na wenzake wakaja kuagiza mtindo ule ule.

Nililia kidogo. Kisha nikajiona mwepesi kama niliyevua koti la mvua ndani ya nyumba. Njoo na taa zako. Njoo na ngazi pia, yangu imeliwa na mchwa.

Shangazi yako

26 Mei

Mwanangu mpenzi,

Ulifika salama? Kazini wamekupokea vizuri? Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya. Nasema kimya kana kwamba nina cha kulinganisha!

Bado nakuona juu ya ngazi, skrubu umezibana midomoni, reli umeinyoosha kuliko pindo langu lolote. Na baba yako chini, ameshika ngazi kwa mikono miwili, analalamika. Uliponiandikia kwamba alikuwa anasema, "Taa haiongei, mnapoteza muda," nilitaka kumchoma sindano.

Sasa ona. Ulipoondoka tu, kesho yake bluu ikaja mbio dirishani. Nikatoka, baba yako. Nikamfungulia. Akaingia hatua moja, akarudi nje, akafunga geti, akabonyeza. Akawa anachungulia juu ya ukuta kuitazama inavyokimbia. Nikatoka tena, akabonyeza tena. Nikamwambia, "Wewe una wazimu?" Akaandika kwenye kiganja chake, "Najaribu tu." Kwa hiyo taa haiongei, lakini yeye anaiongelesha.

Na bibi harusi alikuja jioni kuchukua gauni lake. Nikaminya kile kitufe ulichoniwekea, paa zima likawa la dhahabu. Mama yake akaanza kucheza pale pale uani, mkoba kwapani. Jirani wakatoka. Nikacheza nami, bila kuuliza kama kuna muziki.

Ila mwisho wa Juni baba yako hajaufuta. Nimemuuliza, akatazama pembeni.

Shangazi yako

9 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, tumebakiza ghorofa moja. Huku kunanyesha. Huko je? Chungulia kile kisanduku cha umeme chini ya paa. Ukiona ndani kuna ukungu, nijulishe nije kupaka upya silikoni ya kuzuia maji.

Usimwache baba akukimbie. Mbane aseme.

Mwanao

21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Umeanza kununa upya, au umeshafunga mizigo? Baba nikimpigia jioni hapokei. Jana alipopokea alisema, "Niko darasani," akakata. Darasa gani, kwa umri ule? Mwezi unakwisha na mimi sielewi kinachoendelea. Tafadhali andika.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Nisamehe. Sikuwa mgonjwa wala sikununa. Nilikuwa na maongezi.

Mvua imenyesha na kuondoka, kisanduku kikavu kabisa.

Kuna mama mmoja, mwoka mikate, hupita hapa jioni akitoka kazini. Alianza kusimama ng'ambo ya barabara kuitazama bluu ikikimbia mteja anapofika. Siku moja akavuka, akabonyeza mwenyewe. Nikatoka, nikamkaribisha, nikaisubiri midomo yake. Haikutikisika. Akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Kisha akaninyooshea kidole, akiniuliza. Mwanangu, sikujizungusha. Nikagusa langu, nikatikisa kichwa. Alinikumbatia pale pale getini, nikajaa unga kifuani.

Yeye hasikii tangu kuzaliwa. Anaongea lugha ya alama, tena kwa kasi, kama mimi nilivyokuwa naongea zamani. Sasa anakuja na wenzake, tunakaa barazani, taa zote nimeziweka nyeupe ili mikono ionekane vizuri. Ananifundisha. Nimeshagombana, nimeshasengenya, nimeshacheka na mtu bila kushika kalamu. Wamenipa jina la alama: mkono unaovuta uzi kwenda juu. Ndiye mimi huyo. Muuza duka anakuja, mwalimu anakuja, bluu haipumziki.

Na darasa la baba yako ndilo hilo. Mikono yake ina kigugumizi! Wiki iliyopita alitaka kumwomba mwoka mikate chai, akamwomba uchumba. Mama yako, aliyekaa pembeni, alicheka mpaka akajilaza mkekani.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku aliyopanga kunihamisha. Niliamka na moyo mzito. Nilifunika cherehani kwa shuka, nikaifunua, nikaifunika tena. Bluu ikapita. Nikatoka.

Alikuwa peke yake, hakuja na gari la mizigo. Nikamwambia, "Umekuja kunichukua?" Akatikisa kichwa. Akainua mikono, akaanza, akakosea, akafuta hewani kana kwamba anafuta ubao. Jasho linamtoka. Akaanza upya. Dada. Kisha: kaa. Kisha akaelekeza chini, pale pale nilipokuwa nimesimama.

Nikamwambia arudie. Nilikuwa nimeshaelewa, mwanangu, ila nilitaka kuiona tena.

Shangazi yako